Maswali ya wazazi: Mtoto anajitupa chini, ananuna, analia, sasa tucheze naye nini?

Asanteni nyote mlioandika. Barua za mwezi huu karibu zote zinalia jambo moja, watoto wadogo na hasira zao na machozi yao na kule kununa kusikoisha, kwa hivyo mambo ya shule na madaftari nimeyaweka pembeni kwanza tushike hili. Majina yenu nimeyatoa kama mlivyoomba.

Shikamoo mwalimu. Nina kijana wa miaka mitatu na nusu, tunakaa Likoni hapa Mombasa na kila siku lazima tuvuke na feri nimpeleke kwa mamangu Majengo ndo niende kazini. Akikosa kitu kidogo tu, mfano ametaka mabuyu nimemwambia la, anajitupa chini pale pale watu wanatupita, anapiga mateke, juzi ameniuma mkono mpaka alama. Nikiongea naye hasikii, kofi nimempa na hio ndo inazidisha. Kuna mahali nimesoma ati watoto wafundishwe hisia kwa michezo, sasa mwalimu feri iko karibu kuondoka na mtoto yuko chini nitacheza mchezo gani? Mama wa Likoni

Marahaba mwanangu, na pole na huo mkono. Hapo kwa feri huchezi mchezo wowote. Nasema wazi manake naona wazazi wengi wanaambiwa habari ya michezo afu wanaenda kuijaribu wakati mtoto ashapandwa na mori, ikigoma wanasema haya mambo ni ya wazungu hayafanyi kazi. Sufuria ikifurika humfundishi mtu kupika, unapunguza moto. Mtoto wa umri huo ile sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwambia mtu ngoja kwanza, bado changa sana, na haimalizi kukomaa mpaka mtu apite miaka 20 na kitu, kwa hivyo akishafika kule kupiga mateke maneno yako mazuri hayana pa kuingilia. Na kujitupa chini ni kawaida ya watoto wa mwaka 1 hadi 4, hujalea vibaya na kijana wako si mkorofi.

Pale kwa feri fanya machache. Mwinue mtoke kwenye msongamano, simama naye pembeni, chuchumaa mlingane macho, useme kwa sauti ya chini "Umekasirika. Ulitaka mabuyu. Niko hapa." Akija na meno mzuie umwambie "kuuma, la", basi, mawaidha yaache. Na yale mabuyu usiyanunue baada ya kelele, hata kama watu wote wanakuangalia na kuna mama anakwambia si umpe tu mtoto wa watu anyamaze, manake ukimpa ushamfundisha kwamba njia ya mabuyu ni kujitupa chini. Hasira ana haki nayo, kuuma hana, hivyo viwili usivichanganye. Kofi umeona mwenyewe linazidisha, mwili wake tayari uko vitani, ukimpiga unamwongezea woga juu ya hasira, na anachojifunza ni kwamba mkubwa akikasirika hupiga mdogo.

Michezo sasa. Iwe nyumbani, jioni, ashakula, nawe ushatulia, dakika 10 zatosha.

Anza na leso, ile ya kujifunga, wengine huiita kanga. Keti naye mkekani, jifunike uso na leso, afu ishushe polepole uso ukiwa wa hasira, nyusi zimekutana, midomo umeibana. Usimwambie ni nini, ngoja. Atacheka kwanza, wengi hucheka. Mwulize "mama amekuwaje?" Akishasema amekasirika, mwulize "kakasirishwa na nani?" na hapo ndo utege masikio, manake mara nyingi atakujibu kitu kinachomkasirisha yeye mwenyewe, "kanyang'anywa gari". Afu leso mpe yeye. Atajifunika mpaka miguu, atakaa humo ndani anautengeneza uso wake, unamsikia anacheka, akiishusha ametoa ulimi. Kubali, sema "aaa, huyu ni mtundu", mpe tena. Furaha, hasira, huzuni na woga, hizo nne zatosha kwa muda mrefu, aibu na wivu zije baadae akikaribia miaka 5.

Ingine mfanye mkienda Shelly Beach, hapo si mbali na kwenu. Maji yakitoka mlaze chali kwenye mchanga ulio na unyevu, umchore kwa kidole kumzunguka, kichwa, mikono yote, mpaka nyayo, akiamka aone umbo lake lote chini pale. Mpe makombe ya baharini mkononi. "Ukikasirika, hasira inakaa wapi?" Kuna watoto huweka kombe kwenye ngumi, wengine tumboni, wengine wanajaza mdomo wote makombe, na huyo wako anayeuma nina hakika atatuambia kitu. Mwulize na woga unakaa wapi, na furaha. Faida yake ni kwamba kesho kabla hajauma unaweza kumwambia "naona mikono imekaza, hasira imefika kwenye ngumi?" na yeye anajua unazungumzia nini, ashaiona.

Kupumua nako kufanye mchezo. Viganja viwili mbele ya uso, "nusa pilau", anavuta kwa pua, afu "puliza chai ya moto", anatoa kwa mdomo polepole. Hio ya kupuliza ndo yenye kazi, pumzi ikitoka taratibu kwa urefu mapigo ya moyo hushuka, kwa hivyo usimkazanie kuvuta, mkazanie kupuliza. Mapovu ya sabuni ni yale yale, ukipuliza kwa nguvu povu linapasuka, ukienda pole linakua.

Na mwisho mcheze feri yenyewe. Panga viti, mkeka uwe ndio feri, yeye awe mama na wewe uwe mtoto unayetaka mabuyu. Jiangushe chini ulie. Atakukataza kwa sauti yako wewe, na maneno yako wewe, hapo utajua anakusikia vipi. Mwulize "sasa mtoto afanye nini?" mtafute pamoja, apulize chai, amshike mama mkono kwa nguvu, aseme "nimekasirika". Mkishaizoea nyumbani, asubuhi mnapotoka mkumbushe kabla hamjafika kwa yule wa mabuyu, "leo hatununui, utataka, hasira ikija tutafanya nini?" Halafu angalia na jambo hili manake umesema unawahi kazini: huyo mtoto anatoka nyumbani amekula? Amelala saa ngapi? Mtoto mwenye njaa na usingizi hakuna mchezo utakaomtuliza.

Assalam aleikum mwalimu. Mke wangu siku hizi kijana wetu wa miaka 5 akilia anamkumbatia na kumuuliza unahisi vipi, wanachorachora nyuso kwenye makaratasi. Mimi nimelelewa mwanamume halii, na wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Simlaumu mke wangu lakini naogopa huyu atakuwa mlegevu, huku mtaani kwetu Changamwe mtoto mlegevu anaonewa. Baba

Waaleikum salaam baba. Nimependa kwamba umeuliza, akina baba huwa hawaniandikii. Na woga wako una maana, mtaani watoto wanaoneana kweli. Lakini angalia nani anayepigana ovyo huko mtaani, ni yule aliyezoea kusema "hio imeniuma, usifanye tena", au ni yule ambaye kila kitu kwake kinatoka na ngumi kwa sababu hana njia ingine?

Kuna utafiti wa mwaka 2007 wa Matthew Lieberman na wenzake kule California. Waliwaweka watu wazima kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha nyuso za watu wenye hasira au woga. Mtu alipochagua neno la kuitaja ile hisia, ile sehemu ya ubongo inayopiga king'ora cha hatari, inaitwa amigdala, ilitulia zaidi kuliko alipouangalia tu ule uso bila kuutajia hisia yake. Kutaja hisia hakumlegezi mtu, kunamtuliza. Mke wako akimwambia mtoto "umeumia roho kwa sababu rafiki yako hajakupa mpira" hajamdekeza. Kumdekeza ingekuwa kwenda kumnyang'anya rafiki mpira ampe yeye.

Na hili la mwanamume halii, baba, sote twajua Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim alitoa machozi mbele ya maswahaba. Sina la kuongeza hapo.

Wewe una nafasi yako ambayo mke wako haiwezi vizuri kama wewe. Cheza naye miereka. Lakini weka sheria moja kabla hamjaanza, mtu akisema "basi", wote mnaachana hapo hapo, na wewe baba pia, hata kama ulikuwa unakaribia kumwangusha. Siku ingine sema "basi" wewe uone kama ataacha, akishindwa pumzikeni kidogo muanze tena. Humo anajifunza kuusoma uso wa mwenzake, huyu anacheka au ameumia, na anajifunza kujishika wakati damu imechemka, na hivyo ndo vitamsaidia Changamwe. Mkiangalia mpira mwulize "golikipa amefungwa, sasa yuko vipi? wewe ungekuwa yeye ungefanyaje?" Watoto wa kiume wanaokataa kuongea habari zao wanaongea habari za golikipa mpaka usiku.

Mwalimu niko Tudor, mtoto wangu ana miaka 2, kuna programu ya simu nzuri ya kufundisha hisia?

Hio pesa weka. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka 2 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Mtoto wa miaka 2 anajifunza uso kwa uso wa mtu anayemjibu. Kama lazima aangalie katuni, kaa naye, isimamishe mahali mnyama analia, umwulize "amefanywa nini huyo?" mwendelee. Na kioo cha kabatini hakina bando, simameni hapo mkunje nyuso.

Habari mwalimu mwenzangu, nafundisha PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, huku Kisauni, nina watoto 38 na darasa moja dogo, vifaa hakuna. Nikisoma hizi habari za hisia naona vitu vya kununua tu. Halafu wengine wakilia wote wanafuata. Nianzie wapi?

Nzuri mwenzangu, na hongera, 38 wa PP1 na akili yako bado iko sawa.

Anzia kwa visoda, vile vifuniko vya chupa za soda. Ukiongea vizuri na wenye vioski wanakuwekea, wiki moja una kopo zima. Kila mtoto kisoda chake, umechora alama yake juu, samaki, nazi, ndala, chochote akijue. Afu tafuta makopo manne yaliyokatwa, kila kopo lina uso, wa furaha, wa huzuni, wa hasira, wa woga. Asubuhi akiingia anatia kisoda chake kwenye kopo analotaka. Haongei, haulizwi mbele ya wenzake, anatia tu anaenda kukaa. Wewe ukipita unaangalia kopo la huzuni na la woga, nani yuko humo leo, nani yuko humo siku ya tatu mfululizo, hao ndo unawatafuta wakati wa uji unakaa nao kidogo. Kwa darasa la watoto wengi hio ni njia yako ya kumwona kila mmoja, vinginevyo unawaona wale wapiga kelele peke yao na yule anayenyamaza pembeni anakupita muhula mzima. Tahadhari moja, vile visoda vina ncha, vigonge na jiwe makali yalale, na ukishamaliza viokote vyote, kuna mtoto atatia mdomoni.

Wapo watakaotia kwenye furaha kila siku kwa sababu mwenzake kaweka hapo. Waache, watazoea.

Mchana wakishachoka fanyeni kuganda. Piga debe wacheze, debe likinyamaza wote wanaganda, baadae unaongeza "gandeni mkiwa na woga", "gandeni mkiwa na furaha". Mtoto anayeweza kuuzuia mwili wake katikati ya ngoma anajizoeza kuuzuia mkono wake kabla haujapiga. Wakichanganya uso wa woga na wa mshangao usiwaambie wamekosa. Paul Ekman, mwanasaikolojia Mmarekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 alienda Papua New Guinea kwa watu ambao sinema na magazeti hawajayazoea, akawaonyesha picha za nyuso, furaha na hasira na huzuni walizitambua, lakini woga na mshangao hata wao watu wazima walivichanganya. Waulize tu "nini kimetokea?" hadithi ndo inayotenganisha.

Na wakianza kulia kwa kufuatana usipige kelele juu ya kelele zao. Keti chini, anza kunusa pilau na kupuliza chai kama nilivyomwambia mama wa Likoni, walio karibu watakuiga, na kuiga kwao kunaenea vile vile kilio kilivyoenea. Kiboko unajua sheria ya elimu ya Kenya ya 2013 imekataza, na mtoto anayeogopa mwalimu kisoda chake hatakitia kwa ukweli.

Mwalimu, mimi ni nyanya, niko Mji wa Kale. Binti yangu amekwenda Saudia kufanya kazi, ameniachia mwanawe wa miaka 4. Siku ya kuondoka tulimwambia mama anakwenda sokoni. Sasa mtoto halii, hasemi, lakini mwanasesere wake anamfunga kwenye mfuko anamweka mlangoni, kila siku, nikimtoa anamrudisha. Naogopa. Nimfanyie nini?

Shikamoo mamangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Mjukuu wako anasema, ila anasema kwa mwanasesere. Watoto wa umri huo jambo likiwazidi hulicheza, tena na tena, mpaka lipate pa kukaa. Kwa hivyo usimtoe mwanasesere kwenye mfuko, na usimkataze. Kaa chini karibu na mlango, ukiweza magoti yakikuruhusu, fanya kazi yako pale, chambua mchele, na useme unachokiona tu: "Mtoto yuko kwenye mfuko. Anasafiri." Nyamaza. Asipojibu leo sawa. Siku atakayosema "anakwenda sokoni" mwulize "nani anamngoja nyumbani?" umfuate anakokwenda, yeye ndo mwenye mchezo, wewe ni mgeni.

Halafu mamangu, ile habari ya soko lazima irekebishwe. Najua mliifanya kwa huruma, nyumba nyingi hapa Mombasa hufanya hivyo, lakini kwake yeye soko limemchukua mama halijamrudisha, na kila ukitoka kwenda kununua samaki anaogopa nawe hutarudi. Mwambie akiwa ametulia, kwa maneno mafupi: "Mama hakwenda sokoni. Tulikosea kukwambia hivyo. Amekwenda kufanya kazi mbali, kwa ndege. Hakukukasirikia. Anakupenda. Mimi niko hapa." Pengine atalia siku hio, na siku zinazofuata, usistuke, ni yale machozi ya siku ile ambayo hakupewa nafasi ya kuyatoa.

Michezo miwili ya kumsaidia. Wa kwanza ni ndege. Mwanasesere aondoke kwenye mfuko, apande ndege, afike, apige simu. Wewe uwe sauti ya mwanasesere kule mbali, "Nimefika, nimekukumbuka, wewe umekula nini leo?" Yeye atamjibu mwanasesere yale ambayo hajaweza kumwambia mamake. Wa pili ni leso ya mama. Kama kuna leso aliyoiacha usiifue, mwache alale nayo, aifunge mwanasesere, ajifunike, na ule mchezo wa nyuso nilioueleza juu uufanye na hio, uso wa kumkumbuka mama, uso wa kumkasirikia mama. Wa kumkasirikia asiogope kuufanya, mwambie waziwazi mtu anaweza kumpenda mama na kumkasirikia siku moja.

Binti yako naye mwambie atume sauti fupi kwa wasapu ambazo mtoto anaweza kurudia kuzisikiliza usiku, na kama ana siku maalumu ya kupiga simu mfanye siku hio ijulikane, muwe mnahesabu siku za kufikia simu, msihesabu za kurudi, muda mrefu hivyo mtoto wa miaka 4 hawezi kuuhesabu. Laini ikikatika katikati umwambie mtandao umekatika, mama hakukata.

Ukiona hali chakula vizuri, amerudi kukojoa kitandani, au ameacha kucheza kabisa na wiki zinapita, mpeleke hospitali umweleze daktari wa watoto kila kitu, hata ile ya soko, pale Coast General au kliniki iliyo karibu nawe. Na nambari 116 ni ya bure, ni ya masuala ya watoto, unaweza kupiga saa yoyote uongee na mtu.